Radi haitumwi na jirani

  Mvua imerudi. Mpunga unaifurahia, na sisi pia. Lakini pamoja na mvua, radi nayo imerudi.

Siku ya posho iliyopita, tulipomaliza kugawa likelemba, mama mmoja alibaki nyuma akatuuliza: «Mwalimu, nyumba yangu ni ya manjanja, na mtoto wangu ameweka pano ya jua juu yake. Jirani ananiambia pano inaita radi, niiteremshe. Ni kweli?» Kabla hatujafungua kinywa, mama mwingine akajibu kwa sauti ndogo: «Radi haiitwi na pano. Radi inatumwa na mtu.» Hapo wote wakanyamaza, kila mmoja akatazama miguu yake. Ni kwa ajili ya kimya kile tunaandika leo.

Kwa maana kimya kile tunakijua. Miaka michache iliyopita tulikuwa tunafundisha katika kijiji kimoja upande wa mto Luama. Siku moja mchana, watoto watatu walikuwa wanatoka shambani. Mvua ikawakuta njiani, wakakimbilia chini ya mwembe. Radi ikapiga mwembe. Wawili waliamka. Wa tatu, kijana wa kalasi ya tano aliyekuwa anakaa kwenye benchi ya mbele, hakuamka tena.

Kabla ya matanga kwisha, jina la mtu lilikuwa limekwisha kutajwa. Ni mama mjane, mzee, ambaye mwezi mmoja mbele yake aligombana na jamaa ya mtoto juu ya mpaka wa shamba la mihogo. Vijana walichoma paa ya nyumba yake. Usiku ule ule akaondoka na mjukuu wake mkononi na mfuko mmoja kichwani, na hakurudi. Mihogo yake ilioza udongoni.

Na sisi? Somo la radi tulikuwa tunalifundisha kila mwaka, na diploma ya ISP ilikuwa kabatini. Tulijua mtoto yule aliuawa na nini. Lakini tuliogopa kwamba tukisema neno, jina letu pia litatajwa. Tulinyamaza. Basi tunayoandika leo tungepaswa kuyasema siku ile, penye matanga, mbele ya wazee.

Radi inatoka wapi

Ndani ya wingu kubwa la mvua kuna upepo wenye nguvu unaopanda na kushuka. Matone ya maji na vipande vidogo vya barafu vinagongana humo. Kugongana kule kunatenga umeme, wa aina moja juu ya wingu na wa aina nyingine chini yake. Umeme ukizidi, wingu haliwezi kuubeba tena. Unaruka, mara nyingi toka wingu hadi wingu, mara nyingine toka wingu hadi udongoni. Mwanga wake ndio tunaouona kwanza. Sauti yake, ngurumo, inafika nyuma, kwa sababu sauti inatembea polepole kuliko mwanga. Ni jambo lile lile la mtu anayepasua kuni ng'ambo ya mto: unaona shoka limeshuka, kisha unasikia.

Umeme wa radi ni mkubwa sana. Radi ya kawaida inafika ampea 30.000, na hewa inayopitiwa nayo inafika joto la digri 30.000, yaani karibu mara tano kuliko uso wa jua. Ndiyo maana mti unapasuka: maji yaliyo ndani yake yanachemka yote mara moja.

Sasa, kwa nini kwetu radi ni nyingi hivi? Si kwa sababu Maniema ina walozi kuliko mahali pengine. Satelaiti ya Marekani na Japani ilihesabu radi za dunia nzima toka 1998 hadi 2013, na wenye elimu wakatoa hesabu ile mwaka 2016. Mahali pa kwanza duniani ni ziwa Maracaibo, nchini Venezuela, lenye radi karibu 233 kwa mwaka katika kila kilometa moja ya mraba. Mahali pa pili ni Kabare, Kivu ya Kusini, karibu 205. Na mahali pa tatu, wamama, ni Kampene, katika teritwari ya Pangi, hapa hapa Maniema, kwa majirani zetu wa kaskazini: karibu 177.

Sababu yake iko mbele ya macho yetu. Upande wa magharibi tuna pori kubwa na mito, ambamo hewa ya moto inapanda ikijaa maji. Upande wa mashariki tuna milima ya Mitumba, inayoisukuma hewa ile juu zaidi. Hewa ya moto yenye maji, ikisukumwa juu, inazaa mawingu marefu, na mawingu marefu yanazaa radi. Watu wa Maracaibo nao wana maji ya moto na milima pembeni. Hawatujui, wala hatuwajui, lakini radi yao ni ndugu ya radi yetu.

Namna radi inavyoua

Wengi wanadhani radi inachagua mtu na kumpiga kichwani. Mara chache inakuwa hivyo. Mara nyingi inapita njia nyingine.

Njia ya kwanza ni kuruka toka kitu kirefu. Radi inapiga mwembe, inashuka katika shina, kisha inaruka toka shina hadi mtu aliyesimama karibu, kwa sababu mwili wa mtu unapitisha umeme kuliko mti. Miembe mikubwa ya Kasongo inatupatia kivuli na matunda, na tunaipenda. Lakini mvua ikija na ngurumo, mwembe si nyumba.

Njia ya pili ni udongo. Radi ikifika chini haizimiki papo hapo. Inasambaa udongoni kama maji yaliyomwagika sakafuni. Mtu aliyetanua miguu, umeme unapanda katika mguu mmoja na kushuka katika mguu wa pili. Ndiyo maana mbuzi na ngombe wanakufa wengi pamoja: miguu yao ya mbele iko mbali na ya nyuma, na katikati yake ndipo ulipo moyo. Mwaka 2016, katika milima ya nchi ya Norwe, radi iliua wanyama 323 wa jamii ya kulungu katika kundi moja, mara moja. Nani kule alikuwa na wivu juu ya kulungu 323?

Njia ya tatu ni kugusa: kushika mlango wa chuma, waya wa kuanikia nguo, bomba, ao simu iliyofungwa kwenye chaja wakati radi inapita katika vitu vile.

Mkijua njia hizi tatu, mtaelewa mambo mengi yaliyokuwa yanaonekana kama fumbo. Mwezi wa kumi 1998, magazeti ya Kinshasa yaliandika habari ya mchezo wa mpira huko Kasai. Radi ilipiga uwanja, wachezaji 11 wa timu moja wakafa, na wa timu ya pili hawakuumia. Watu wengi walisema palepale kwamba ni uchawi. Lakini udongoni umeme haugawanyiki sawasawa. Aliye hapa anakufa, aliye hatua chache kule anasimama. Watoto wetu watatu chini ya mwembe mmoja, wawili waliamka. Ikiwa mtu alikuwa anawachukia, mbona aliacha wawili?

Mvua inapokaribia

Tunafundisha watoto wa masomo hesabu moja tu, na tunaomba kila mama aijue. Ukiona mwanga, anza kuhesabu polepole: moja, mbili, tatu, mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilometa moja. Ukifika tisa, radi iko kilometa tatu toka hapo ulipo. Ikiwa hujafika 30, uko tayari katika hatari, ingia ndani. Na usitoke kwa sababu mvua imepungua. Ngoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Watu wengi wanapigwa mvua ikianza ao ikiisha, wakati wanaharakisha kumaliza safu moja ya mwisho shambani ao kukusanya mpunga ulioanikwa. Mpunga ukilowa, utaanikwa tena.

Ukiwa shambani na hakuna nyumba karibu, weka chini jembe na panga, toka kileleni, ondoka majini, epuka mti ulio peke yake. Watu wasikae pamoja, waachane hatua kadhaa, ili radi isiwapate wote. Ikiwa iko karibu kabisa, chuchumaa, miguu ibanane, kichwa chini. Usilale chini: mwili uliolala unachukua umeme mwingi wa udongo. Kuchuchumaa si usalama, ni njia ya mwisho tu. Kwenye pikipiki, simama na uiache. Gari lenye paa ya chuma, vioo vikiwa vimefungwa, linalinda watu, kwa sababu umeme unapita nje katika chuma na kushuka chini.

Ndani ya nyumba zetu

Hapa tuseme kweli. Nyumba ya udongo yenye paa ya nyasi haizuii radi, na nyasi zinaweza kuwaka. Nyumba ya udongo yenye paa ya manjanja nayo, kama hakuna kitu kinachounganisha manjanja na udongo, haijalindwa. Manjanja hayaiti radi toka mbali, wale wanaosema hivyo wanakosea. Lakini radi ikipiga manjanja inatafuta njia ya kushuka, na kama hakuna waya, inaruka toka ukingo wa paa na kupitia ukuta, mlango ao mtu. Tarehe 2 Novemba 2024, katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa Uganda, watu 14 waliuawa na radi wakiwa katika maombi chini ya paa ya chuma. Walikuwa ndani, lakini nyumba yenyewe haikuwa na njia ya kupeleka radi chini.

Basi kama nyumba yetu haina ulinzi bado, tupunguze hatari. Watoto wasiegemee ukuta, wasisimame mlangoni wala dirishani kutazama mvua. Wakae katikati ya chumba, juu ya kiti cha mbao ao kitanda, miguu ikiinuliwa toka sakafu ya udongo. Mama asibaki katika jiko la nje kwa sababu ya chungu kilicho motoni. Asikinge maji kwa sufuria chini ya manjanja wakati wa ngurumo, hata kama kisima kiko mbali. Tunajua ni vigumu kuacha maji mazuri yakimwagika, lakini mkono wako uko kwenye sufuria, na sufuria iko chini ya ukingo wa chuma.

Kufunika kioo kwa kitambaa, kuvua nguo nyekundu, kukataza watoto wasicheke: mambo haya hayazuii radi. Hayadhuru pia, isipokuwa pale mama anapotoka nje katika mvua kuondoa kitambaa chekundu kwenye kamba. Hapo desturi inamtoa mahali pazuri na kumpeleka mahali pabaya.

Ikiwa kanisa, msikiti, lopitali ao ofisi yenye ukuta wa matofali na paratoneri iko karibu, hapo ndipo pa kukimbilia mapema.

Pano, batri, simu na gurupe

Sasa tumjibu mama aliyeuliza. Hapana, mama, usiteremshe pano. Pano haiiti radi kuliko paa yenyewe. Hatari iko katika waya. Waya ule unatoka juu ya nyumba na kuingia mpaka ndani, hadi kwenye regulateri, batri, taa na simu. Radi ikipiga paa, waya unakuwa njia yake ya kuingia chumbani. Hata radi isipopiga nyumba yako, ikipiga mti ulio mita mia kadhaa toka kwako, inaweza kusukuma umeme mwingi katika waya mrefu na kuunguza vitu. Nyumbani kwetu tulipoteza regulateri na redio kwa namna hiyo, kwa uvivu wa dakika moja. Tuliona wingu, tukasema tutakata tukirudi.

Fanyeni hivi. Wingu jeusi likionekana, kabla ya ngurumo ya kwanza, kateni waya wa pano kwanza, kisha wa batri. Kurudisha ni kinyume: batri kwanza, pano mwisho. Ncha za waya zisigusane, na zisiachwe karibu na kitanda ao vyombo. Ni vizuri zaidi fundi aweke mahali pa kukatia nje ya ukuta, ili waya usiingie ndani kabisa wakati wa mvua. Ngurumo ikiwa imekwisha kufika juu yenu, acheni, msiguse tena waya. Batri inanunuliwa, mtu hanunuliwi.

Simu ya mkononi isiyo kwenye chaja haiiti radi. Unaweza kuitumia ndani ya nyumba. Iliyo kwenye chaja ndiyo ya kuacha. Ninyi mnaofanya kazi ya kuchaji simu za watu kwenye kibanda, mkiwa na simu ishirini kwenye ralonji moja, mvua ikija chomoeni zote. Mteja akikasirika kwa kukuta simu yake haijajaa, mwambieni mngeweza kumrudishia imekufa. Antena ya televizyo na parabole nazo: chomoa waya wake nyuma ya televizyo, maana mti wa antena ndio mrefu kuliko nyumba yote.

Kuna pia zile waya zinazotoka kwenye gurupe ya jirani mmoja na kupita juu ya miti hadi nyumba tano, sita. Waya mmoja ukipigwa, nyumba zote sita zinapigwa. Kubalianeni kwamba mwenye gurupe atazima na kila nyumba itachomoa mara wingu linapotokea.

Na gurupe yenyewe, hata bila radi, inaharibu vyombo. Inapowashwa, na inapokaribia kuzimika kwa kukosa esansi, nguvu yake inapanda na kushuka. Vilevile katika miji yenye umeme wa laini, umeme ukikatika na kurudi, unarudi kwa kuruka. Dawa ni moja. Chomoa vyombo umeme ukikatika. Washa gurupe, iache izunguke dakika mbili bila mzigo, ndipo uchomeke firigo na televizyo. Na usingoje esansi iishe: chomoa kwanza, kisha zima.

Madukani mtaona stabilizateri na parafudri. Stabilizateri inasawazisha umeme unaopanda na kushuka kidogo, haizuii radi. Parafudri inasukuma umeme uliozidi kwenda udongoni, lakini lazima iwe na waya wa kuufikisha udongoni. Bila waya ule, mmenunua sanduku tupu.

Paratoneri

Mwaka 1752, Mmarekani Benjamin Franklin alionyesha kwamba radi ni umeme, na toka hapo watu wakajifunza kuitengenezea njia. Paratoneri haifukuzi radi, inaipokea na kuishusha. Ina sehemu tatu: fimbo ya chuma juu kabisa ya nyumba, waya mnene wa shaba ao chuma kisichoshika kutu unaoshuka nje ya ukuta, na fimbo ndefu iliyopigwa udongoni. Waya wa shaba uwe na unene wa milimeta 8 hivi, kama kalamu ya risasi. Nyumba iwe na waya za kushuka zisizopungua mbili, kwenye pembe zinazoelekeana. Fimbo ya chini iingie mita mbili ao zaidi, mahali penye unyevu. Manjanja, fremu ya pano na mti wa antena vifungwe pamoja na waya zile, ili radi isiruke toka kimoja hadi kingine.

Mambo matatu ya kuangalia. Kazi hii ifanywe na elektrisye aliyejifunza na mwenye chombo cha kupima udongo, kwa sababu paratoneri iliyokatika katikati ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Mahali waya unapoingia udongoni, watoto wasichezee na mbuzi wasifungwe. Na kila mwaka, mwezi wa nane, kabla ya mvua, mtu apite kuangalia kama waya bado upo wote, kwa maana shaba inaibwa.

Tunajua bei yake inashinda nyumba nyingi zetu. Lakini si lazima kila nyumba ianze. Tarehe 28 Juni 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, Uganda, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao. Baadaye chama kimoja cha Kampala kinachoshughulika na radi, ACLENet, kiliweka paratoneri kwenye shule ile ile. Huo ni mfano kwetu. Kijiji kikiwa na nyumba moja iliyolindwa sawasawa, shule, kanisa, msikiti ao santé, watu wote wana mahali pa kukimbilia, na watoto wanakuwa salama saa zile wako wengi chini ya paa moja. Tunaomba kila kundi la ushirika wetu liulize kamati ya wazazi: shule yetu ina paratoneri? Ikiwa ipo, waya wake unafika chini?

Mtu akipigwa

Wengi wanaogopa kumgusa. Mguseni. Mwili wa mtu aliyepigwa haubaki na umeme hata kidogo. Mara nyingine moyo wake umesimama, naye anaonekana amekufa, lakini anaweza kurudi akisaidiwa palepale. Mlaze chali, weka mikono miwili katikati ya kifua, sukuma kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Anayejua kumpulizia hewa kinywani ampulizie. Msiache upesi. Ikiwa waliopigwa ni wengi, anzeni na wale walionyamaza, kwa maana anayelia tayari anapumua. Kisha wote wapelekwe kwa munganga, hata aliyesimama mwenyewe, kwa sababu masikio, macho na moyo vinaweza kuumia bila kuonekana.

Mtoto wa kalasi ya tano, pale chini ya mwembe, watu walisimama kumzunguka wakilia. Hakuna aliyemgusa. Watu walikuwa wanatafuta nani amemtuma radi, na dakika zikapita.

Na ulimi

Radi inatafuta njia fupi ya kushuka udongoni. Haijui mpaka wa shamba, haijui deni, haijui wivu wa mke mwenza. Kila tunapotaja jina la mtu, tunafanya makosa mawili. Tunamharibia maisha mtu asiye na kosa, na mara nyingi ni mjane, mzee, ao mtoto yatima asiye na wa kumtetea. Na tunaacha mwembe, waya na paa vilevile vilivyokuwa, vikingoja mtoto mwingine. Kwa watoto, sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemshitaki mtoto kuwa mlozi. Kwa wajane wetu, tusingoje sheria.

Hatusemi kwamba ni rahisi. Penye matanga, mama aliyefiwa anataka kujua kwa nini mtoto wake, na si mwingine. Swali lile hatuwezi kulijibu kwa somo la umeme, na tusijaribu siku ile. Tukae naye, tulie naye, tumpikie. Lakini mtu akianza kutaja jina, mmoja wetu aseme: «Ndugu, ni radi. Alikuwa chini ya mti.» Maneno hayo yanatosha. Yakisemwa na mwanamke mmoja anaweza kuogopa. Yakisemwa na kundi zima la ushirika, nani atatutaja wote?

Tumepata habari kwamba mama yule mjane bado yuko hai, kwa ndugu zake, mbali na Luama. Tumemtumia salamu kwa mtu anayekwenda huko. Tumemwomba msamaha pia, ingawa umechelewa.

Kazi ya juma hili: hesabuni na watoto toka mwanga hadi ngurumo. Onyesheni kila mtu wa nyumbani, hata bibi, waya gani unakatwa kwanza. Na katika mkutano ujao, yule mama aliyesema kwa sauti ndogo, tunamwomba akae karibu nasi. Hatutamcheka. Sisi pia tulinyamaza siku ile, na tunamwogopa mjane aliyetajwa jana kuliko radi ya kesho, kwa sababu ya kumtazama machoni.

Mvua njema, na Mungu awalinde ninyi na nyumba zenu.